Skii za magurudumu: nzuri, ila breki hamna

Hizi ni skii za kujizoezea kwenye lami mwendo wa skii za theluji. Nilizichukua za mitumba hapa Minneapolis, Marekani, aina ya klasiki, yaani unakwenda kama unatembea, miguu sambamba: kipande kifupi cha alumini, gurudumu la mpira mbele na jingine nyuma. Gurudumu moja lina kizuizi ndani, haliwezi kurudi nyuma, hivyo ukikanyaga unapata pa kujisukumia hata mlimani. Hapo ndipo hela yangu ilipolipa. Mapigo ya moyo yanapanda vilevile kama kwenye mbio, ila magoti hayagongwi na lami.

Sisi wa mbio tuna miguu. Mikono, inayosukuma kwa fimbo mbili, ndiyo inayolia. Nilimwelewa upya Philip Boit, Mkenya wa mbio za kati aliyeshindana kilomita 10 za skii kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri amkumbatie. Watu walicheka. Hebu wajaribu hizi fimbo dakika kumi tu!

Sasa ubaya. Breki hazina, na muuzaji alikaa kimya kama hajui. Kwenye mteremko wa Theodore Wirth Park niliishia nyasini, kiwiko kikachubuka. Vaeni helmeti jamani. Fimbo nazo zinataka ncha ngumu za lami, maana zile za theluji zinateleza. Ni gharama nyingine, na viatu pia unanunua kando.

Nyota nne. Anayetaka mbio kiangazi na skii Januari anunue, lakini aanzie pahali tambarare.