Uzoefu wangu na Miro kwenye warsha za utafiti wa watumiaji

Ninachokipenda kuliko vyote kwenye Miro, ubao wa kidijitali ambao timu huandikia pamoja mtandaoni, ni ukimya. Ubao huu una namna ya kuficha maandishi ya kila mshiriki mpaka mwezeshaji atakapoyafunua, na kwa warsha za utafiti ningeulipia kwa hilo peke yake. Meneja akiandika la kwake na wote wakaliona, vikaratasi vinavyobandikwa ubaoni baada ya hapo huanza kufanana na chake. Yakifichwa, hata msanifu mgeni kazini huandika alichokisikia kwenye mahojiano bila kumtazama mtu usoni.

Hili lina ushahidi wa siku nyingi. Mwaka 1958 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Yale, Taylor, Berry na Block, walilinganisha vikundi vilivyobuni mawazo kwa pamoja na watu wa idadi ileile waliofanya kazi kila mmoja kivyake, kisha mawazo yao yakajumlishwa. Waliojitenga walitoa mawazo mengi zaidi. Mwaka 1987 Diehl na Stroebe walionyesha sababu moja kubwa: mmoja anapozungumza wengine husubiri zamu, na katika kusubiri huko mawazo hupotea. Ndiyo maana kwenye warsha zangu watu huandika kwanza, kisha ndipo tunazungumza.

Ila ubao haukupangii warsha. Kabla sijaufungua, naandika kwa sentensi moja uamuzi utakaotokana na kikao. Kama hakuna anayeweza kuutaja, naahirisha. Halafu nachagua watu, na sharti langu ni moja: kila atakayeingia awe amehudhuria mahojiano au amesikiliza rekodi yake angalau moja. Asiyewasikia watumiaji huja na maoni tu, na maoni yana vikao vyake.

Maandalizi makubwa ni dondoo za mahojiano. Kila dondoo inakaa kwenye kikaratasi chake, kwa maneno ya mhojiwa mwenyewe, na kila mhojiwa ana rangi na namba yake. Majina siweki kabisa, maana kiungo cha ubao husambaa haraka kuliko mtu anavyodhani. Hizo rangi ndizo zinazookoa uchambuzi. Rundo kubwa la vikaratasi humvuta kila mtu, lakini ukiangalia rangi unaweza kukuta vyote vimetoka kwa mhojiwa mmoja aliyependa kusema. Rundo dogo lenye rangi 5 lina uzito zaidi. Kwenye ubao wa kidijitali hilo unaliona mara moja ukivuta picha nyuma, na hapo Miro inaishinda karatasi kabisa.

Kupanga dondoo kwa kufanana ni njia iliyoasisiwa na mwanaanthropolojia wa Japani, Jiro Kawakita, na ikaenea tangu miaka ya 1960 kwa jina la KJ, herufi za mwanzo za jina lake kwa mpangilio wa Kijapani. Kiini chake ni kwamba makundi yazaliwe na data. Kwa hiyo templeti zenye masanduku yaliyokwisha kupewa vichwa sizitumii kwenye uchambuzi, hata ziwe nzuri namna gani machoni: watu hujaza masanduku badala ya kusoma dondoo. Naanza na ubao mtupu. Kundi halipewi jina mpaka lisimame, na jina lenyewe nataka liwe sentensi. “Malipo” halimwambii mtu chochote. “Wanaacha kununua kwa sababu jumla inaonekana hatua ya mwisho” linampa msanifu pa kuanzia.

Kura nazo ni nzuri zikiwekewa mipaka. Nampa kila mtu kura 3 za kuchagua makundi ya kuanza nayo, na matokeo yanafunuliwa wote wakishamaliza. Huwa nawakumbusha wenzangu kwamba kura zinaonyesha timu inataka kuanzia wapi. Hazithibitishi lolote kuhusu watumiaji, na ripoti inayochanganya mambo haya mawili inapotosha.

Uwezeshaji wenyewe unahitaji vitu vidogo tu: kipima muda kinachoonekana na wote, vichwa na fremu (mipaka ya kila sehemu ya ubao) vilivyofungwa visisogezwe kwa bahati mbaya, na amri ya kuwaleta wote mahali nilipo, maana ubao usio na kingo ni rahisi kupotelea. Dakika chache za mwanzo nazitoa kwa zoezi jepesi la kuhamisha kikaratasi, ili asiyezoea ajifunze kabla ya kazi yenyewe. Anayetumia simu nampa mwandishi wa kumsaidia, kwa sababu skrini ndogo haimtoshi kusoma na kuhamisha vikaratasi kwa wakati mmoja.

Kwa anayejaribu, mpango wa bure unatoa mbao 3 za kuhariri, zinatosha kujifunzia.

Watumiaji wenyewe wakialikwa kubuni pamoja nasi, naiacha Miro nachukua karatasi na maboksi. Mradi wa UTOPIA huko Skandinavia, ulioanza mwaka 1981, uliwashirikisha wafanyakazi wa uchapaji wa magazeti kubuni zana zao kwa mifano ya mbao na maboksi, wakiigiza kazi kwa mikono yao. Fundi anayejua kazi yake asilazimike kujifunza kwanza programu yetu ndipo asikilizwe.