Ndimu ya unga kwenye vyombo vya shaba: uzoefu wangu

Nilinunua pakiti ya gramu 100 ya ndimu ya unga, hii hii ya kutia kwenye achari, nisafishie dele la kahawa la shaba nyekundu na sinia la shaba ya njano. Kwa dele naipa nyota tano. Kwa sinia, tatu.

Kijiko kimoja cha chakula kwenye lita ya maji ya moto, chumvi kidogo, chovya kitambaa upake. Weusi unayeyuka huku unauona, na chini yake inatokeza rangi ya waridi ya shaba mpya. Hakuna kuchemka wala mapovu. Ndimu ya unga ni asidi, na asidi hiyo inashughulika na oksaidi tu, yaani ule weusi ulioletwa na moto na hewa; inaugeuza chumvi ya shaba, nayo inaondoka na maji. Shaba yenyewe haiwezi kuing'oa haidrojeni kwenye asidi nyepesi kama zinki na chuma zinavyoweza, kwa hiyo dele haliliki. Ndani limetiwa bati, huko sikugusa. Mtu akikushauri uombe asidi ya nitriki kwa sonara, mkatalie: hiyo inaitafuna shaba yenyewe na kutoa moshi wa kahawia wenye sumu.

Sinia lina mambo yake. Shaba ya njano ina zinki ndani, na zinki haina ubishi mbele ya asidi. Likilowekwa muda mrefu, zinki inatangulia kutoka na uso unabaki na mabaka mekundu. Dakika mbili tatu zinatosha, kisha suuza kwa maji yenye magadi kidogo na ukaushe hapo hapo.

Maji yanayobaki huwa na rangi ya kijani-buluu, na hiyo ni shaba, kwa hiyo usitumie bakuli la chakula. Kabla ya kuyamwaga nilitumbukiza msumari niliousugua kwa msasa. Ukatoka umevaa wekundu: chuma kimeingia majini, shaba ikatoka na kuugandia. Watoto waliupenda msumari kuliko dele.

Kasoro ya ndimu ya unga ni kwamba inasafisha lakini haing'arishi. Mng'ao ni wa mkono wako na kitambaa laini, na weusi unarudi upesi kuliko ukitumia dawa ya kopo, ambayo bei yake iko mbali sana na hii. Pakiti ukishaifungua ihamishie kwenye chupa yenye kifuniko, maana inavuta unyevu na kuganda madonge.