Prowler na Pacu kwenye akaunti za AWS: uzoefu wangu

Ripoti ya Prowler peke yake haijawa ukaguzi. Hilo ndilo nimejifunza kwa kutumia Prowler na Pacu, programu mbili za kupima usalama, kwa pamoja kwenye akaunti za AWS, huduma za wingu za Amazon, na nalisema kwa uzito kwa sababu kuna wateja wanaouziwa faili ya HTML iliyobandikwa nembo na kuambiwa ndiyo kazi yote. Prowler inahesabu milango isiyofungwa. Pacu inakuonyesha upi kati yake unamfikisha mtu chumbani.

Nianze na Prowler. Ilianzishwa na Toni de la Fuente mwaka 2016 kama skripti ya Bash, ikaandikwa upya kwa Python kuanzia toleo la 3, na sasa inakagua pia Azure, Google Cloud na Kubernetes. Ile ya terminali ni ya bure. Naisakinisha kwa `pipx install prowler`, si kwa pip ya kawaida, maana inavuta maktaba nyingi na hugombana na boto3 (maktaba ya Python ya kuongea na AWS) uliyonayo tayari.

Kabla ya kuiwasha, shughulikia ruhusa. Mteja akuundie jukumu (role) la IAM, mfumo wa AWS wa watumiaji na ruhusa, lenye sera mbili za AWS: SecurityAudit na ViewOnlyAccess. Wengi hurahisisha mambo kwa kutoa ReadOnlyAccess, na hapo wanakosea, kwa sababu ile ina `s3:Get*`, yaani mkaguzi anaweza kufungua mafaili yenyewe ndani ya baketi za S3, hifadhi ya mafaili ya AWS: nakala za vitambulisho, mikataba, kila kitu. Mkaguzi wa usanidi hana haja ya kuyaona. Prowler ina pia sera yake ndogo ya nyongeza. Isome kabla ya kuibandika, kwani ndani yake kuna `lambda:GetFunction*`, inayoruhusu kupakua msimbo wa Lambda, huduma inayoendesha msimbo bila wewe kutunza seva. Mteja ajue hivyo na akubali kwa maandishi. Kwenye sharti la kuaminiana la jukumu hilo weka ExternalId, neno la makubaliano kati yenu, kisha uipe Prowler kwa `-I`, ili mtu mwingine anayetumia akaunti yako ya ukaguzi asiweze kuingia kwa mteja kwa kujua tu ARN, yaani jina kamili la jukumu hilo.

Mzunguko wa kwanza naufanya mwembamba:

`prowler aws -R arn:aws:iam::NAMBA:role/mkaguzi -I NENO -f eu-west-1 --severity critical high`

Kanda moja (eneo la vituo vya data vya AWS), matokeo mazito tu. Ukiona jukumu linafanya kazi na hakuna makosa ya AccessDenied, ndipo unaondoa `-f` na kuskani kanda zote. Usiruke kanda ambazo mteja anasema hazitumii. Seva iliyosahaulika hukaa hukohuko, na mtu aliyeiba funguo akitaka kuchimba sarafu za kidijitali huchagua kanda ambayo hakuna anayeitazama.

Akaunti ikiwa kubwa, AWS inaanza kukubania: unaona `Rate exceeded` na baadhi ya vipimo vinatoka bila jibu. Ongeza `--aws-retries-max-attempts 5` na uwe na subira. Kipimo kilichokosa jibu si kipimo kilichofaulu, kwa hiyo soma logi kabla ya kusoma ripoti.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki kuna mtego mmoja wa pekee. Kanda ya Cape Town, `af-south-1`, ilifunguliwa mwaka 2020 na ni ya kuwashwa kwa hiari. Tokeni ya muda iliyotolewa na mlango wa zamani wa dunia nzima wa STS (huduma ya AWS inayotoa tokeni za muda) kwa kawaida haikubaliki kwenye kanda za aina hiyo. Matokeo yake ni kwamba kanda nyingine zote zinajibu vizuri, Cape Town inarudisha kosa la tokeni batili, na mkaguzi mwenye haraka anaandika kwamba hakuna kitu huko. Dawa ni kuomba tokeni kwenye STS ya kanda: Prowler kuanzia toleo la 3.11 hufanya hivyo yenyewe, ila matoleo ya kabla yake yalihitaji `--sts-endpoint-region af-south-1`. Hakikisha umeona angalau rasilimali moja ya Cape Town kwenye faili la CSV kabla ya kusema umeikagua.

Sasa matokeo. Usitishwe na idadi ya FAIL, yaani vipimo vilivyoanguka. Mamia ya mistari ni jambo la kawaida hata kwenye akaunti inayotunzwa, na mingi inarudia kosa lilelile kwa kila seva na kila kanda. Chukua poti 22. Kuna kipimo kinachosoma kanuni ya kundi la usalama tu: ikiona `0.0.0.0/0`, ni FAIL. Lakini seva yenyewe inaweza kuwa haina IP ya umma na imekaa kwenye sabneti ya ndani. Matoleo mapya yana kipimo cha pili kinachotazama seva na sabneti yake. Nawaambia wateja waanze na hicho cha pili, halafu warudi kusafisha kanuni.

Kuna FAIL mbili ambazo kwangu hazingoji kesho. Moja ni nywila na funguo zilizoachwa kwenye vigezo vya mazingira vya Lambda au kwenye user data (skripti ya kuwashia seva). Nyingine ni IMDSv1, toleo la kwanza la huduma inayoipa seva taarifa zake yenyewe, kuachwa wazi. Anwani `169.254.169.254` humpa yeyote aliye ndani ya seva funguo za muda za jukumu lake. Kwa IMDSv1 ombi moja la GET linatosha, hivyo programu ya wavuti yenye udhaifu wa SSRF (kuilaghai seva itume maombi kwa niaba ya mshambuliaji) inaweza kumletea mshambuliaji funguo hizo mkononi. Ndivyo ilivyokuwa kwenye uvamizi wa benki ya Capital One mwaka 2019, uliogusa watu wapatao milioni 106 Marekani na Kanada. IMDSv2, iliyokuja Novemba mwaka huohuo, inadai kwanza ombi la PUT lenye kichwa maalumu, kitu ambacho SSRF nyingi haziwezi kukituma. Kuwasha ni amri moja kwa kila seva, ila tazama kwanza kipimo cha CloudWatch (huduma ya AWS ya takwimu na logi) kiitwacho `MetadataNoToken`: kikiwa juu ya sifuri, kuna programu ya zamani bado inatumia njia ya kwanza na itakatika.

Mahali Prowler inapoishia ni kwenye mchanganyiko wa ruhusa. Ina kipimo cha kujipandisha cheo, lakini inasoma sera moja moja. Weka `iam:PassRole` (ruhusa ya kuipa huduma jukumu) kwenye sera A, `lambda:CreateFunction` na `lambda:InvokeFunction` kwenye sera B, ubandike zote mbili kwa mtengeneza programu mmoja. Kila sera ikisomwa peke yake haina neno. Zikiwa mikononi mwa mtu mmoja, anaunda Lambda, anaivisha jukumu la msimamizi ambalo Lambda inaruhusiwa kulivaa, anaiita, na akaunti ni yake.

Hapo ndipo Pacu ya Rhino Security Labs inapoingia. Inakusanya ruhusa zote za mtumiaji kutoka sera zote na vikundi vyake, kisha inatafuta njia. Mtiririko wangu ni `import_keys` kuchukua profaili, `run iam__enum_permissions`, `whoami` kuhakiki, kisha:

`run iam__privesc_scan --scan-only`

Hiyo `--scan-only` usiisahau kamwe. Bila hiyo moduli haikomi kwenye kutafuta. Inajaribu kweli kupanda cheo, kwenye akaunti ya kazi, na kuacha vitu ambavyo hukukusudia kuviunda. Nikipata njia, naithibitisha kwa mkono, hatua moja baada ya nyingine, baada ya mteja kukubali. Hata njia ambayo Pacu inasema imethibitika inaweza kuzuiwa na SCP ya shirika, sera inayowekea mipaka akaunti zake, ambayo Pacu haiioni.

Mfano ninaokutana nao mara kwa mara ni `iam:CreatePolicyVersion`. Mtu mwenye ruhusa hii juu ya sera aliyobandikwa mwenyewe anaandika faili lenye Allow, Action nyota na Resource nyota, halafu:

`aws iam create-policy-version --policy-arn ARN --policy-document file://sera.json --set-as-default`

Amekuwa msimamizi. Wala hahitaji `iam:SetDefaultPolicyVersion`, ndiyo maana wanaodhani kuizuia hiyo kunatosha wanabaki wazi. Sera hubeba matoleo matano tu. Ikiwa yamejaa, amri inakataa, na hapo mjaribu asifute toleo la mteja ili apate nafasi. Andika kwamba njia ipo, piga picha ya kosa, simama.

Kuhusu idhini ya AWS yenyewe: huhitaji kuomba kabla kwa huduma zilizo kwenye orodha yao, kama EC2 (seva), RDS (hifadhidata), Lambda na API Gateway. Mashambulizi ya kuzidisha mzigo na kufurikisha poti hayaruhusiwi. Idhini ya mwenye akaunti ni jambo jingine kabisa, na lazima iwe imesainiwa. Pia ukiendesha amri za kawaida za AWS kutoka Kali Linux, mfumo wa wajaribu usalama, GuardDuty, huduma ya AWS ya kugundua mashambulizi, inapiga kengele ya `PenTest:IAMUser/KaliLinux`. Kama kengele haikulia kwa mteja, au ililia na hakuna aliyeiona, hilo nalo liingie kwenye ripoti.

Anayetaka kujifunza asifanyie kwenye akaunti ya kazini. CloudGoat, ya hao hao Rhino, inajenga kwa Terraform (zana ya kuunda miundombinu kwa msimbo) mazingira yenye makosa ya makusudi. Anza na `iam_privesc_by_rollback`, kwa sababu ni IAM tupu, haina seva ya kulipia. Fungua akaunti mpya ya AWS, weka tahadhari ya bajeti ya dola 5, na ukimaliza endesha `cloudgoat destroy iam_privesc_by_rollback`. Matoleo ya sera au watumiaji uliowaunda kwa mkono Terraform haiwajui na inaweza kugoma kufuta kwa ajili yao, hivyo waondoe wewe kwanza, halafu urudie amri hiyo.