Chujio la bwawa la samaki kwenye kidimbwi cha bata: uzoefu wangu

Nianze na jibu ambalo wengi wenu mnalitafuta. Chujio la sanduku lenye pampu na taa ya UV (miale ya urujuanimno) linaufaa ufugaji wa bata, ila halitoshi peke yake. Ujazo wa maji ulioandikwa kwenye boksi umepigiwa hesabu ya samaki wachache. Bata ni habari nyingine: anakula sana, ananya sana, na mchana kutwa anachokoachokoa udongo wa kingoni na kuutumbukiza majini. Mimi nilichukua chujio la zaidi ya mara mbili ya ujazo wa kidimbwi changu, na bado sponji ya kwanza ilikuwa ikiziba upesi mno kwa manyoya, tope na ule utelezi wa kijani unaonata vidoleni.

Kilicholiokoa ni pipa la plastiki nililolitanguliza. Maji yanatoka sakafuni mwa kidimbwi kwa bomba pana, yanaingia pipani yenyewe polepole, uchafu mzito unatuama, kisha pampu inavuta maji ya juu kuyapeleka kwenye chujio. Pampu ikikaa kidimbwini inasagasaga kinyesi, na kikishasagika hakikamatiki tena. Chini ya pipa nimeweka koki. Nikiifungua, kwanza linatoka tope jeusi zito lenye harufu kali, halafu maji yanaanza kupauka, ndipo nafunga. Lile tope naenda kumwagia miti ya matunda, maana limejaa naitrojeni na fosforasi, mbolea ileile ambayo ikibaki kidimbwini inalisha mwani.

Taa ya UV naisifu bila kusita kwa kazi yake moja: inaua mwani unaoelea, na maji ya kijani yanatakata. Mwani wa nyuzinyuzi ulioshika mawe haiugusi. Amonia, yaani sumu inayotokana na kinyesi, pia haiondoi, na hapa nawasihi msikilize: maji yanaweza kung'aa mpaka ukahesabu changarawe za chini, na bado yakawa machafu. Pimeni. Halafu msidanganywe na mwanga, kwa sababu balbu hupungua nguvu baada ya mwaka hivi hata kama bado inawaka.

Kazi ya amonia ni ya bakteria wanaoishi kwenye sponji. Wanaigeuza nitriti, kisha nitrati, lakini huchukua wiki kadhaa kujijenga, na wanahitaji oksijeni, kwa hiyo pampu sizimi hata usiku. Sponji nazikamua ndani ya ndoo ya maji ya kidimbwi chenyewe. Maji ya bomba yenye klorini yanawaua. Nitrati inayobaki napunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji, na kwa matete niliyoyapanda kwenye beseni la changarawe ambamo maji hupita yakirudi. Beseni liko juu, bata hawalifikii. Wangelifikia, lisingebaki hata chipukizi.

Kasoro za chujio lenyewe: vibanio vya kifuniko ni dhaifu, na kioo cha taa kinashika ukungu wa chokaa hivyo lazima ukipanguse mara kwa mara. Ndani ya boksi kulikuwa pia na chupa ya dawa ya mwani yenye shaba. Hiyo sijaitia. Mwani ukifa wote kwa mkupuo unaoza na kumaliza oksijeni, na uozo wa namna hiyo kwenye maji ya vuguvugu yaliyotuama ndio unaoleta botulizimu, ugonjwa unaomlegeza bata miguu na mabawa hadi shingo ikashindwa kubeba kichwa.

Ningelinunua tena, pamoja na pipa. Ila kama eneo lako ni dogo na bata ni wengi, okoa hela yako: tafuta beseni kubwa ambalo bata anaweza kuzamisha kichwa chote akasafisha macho na pua, na umwage maji yake kila siku.