Catalonia: kubaki Hispania au kujitenga?
Kwa kodi, kujitenga kunavutia. Catalonia, jimbo la kaskazini-mashariki mwa Hispania, huzalisha karibu moja ya tano ya pato la Hispania, na wengi huko wanalalamika kwamba Madrid inachukua zaidi ya inachorudisha, ingawa kiasi chenyewe kinabishaniwa.

Kwa soko, kubaki kunashinda waziwazi. Baada ya kura ya maoni ya kujitenga ya Oktoba 1, 2017, benki kubwa za CaixaBank na Sabadell zilihamisha makao yao rasmi nje ya Catalonia ndani ya siku chache. Pesa ni mwoga. Nchi mpya ingeomba upya kuingia Umoja wa Ulaya, ambako Hispania ina kura ya turufu. Bado deni la taifa la Hispania la kugawana.

Mstaafu mwenye akiba benki ana sababu ya kusita. Anayekerwa na kodi tu awatazame Wabaski, watu wa jimbo la kaskazini mwa Hispania: wanajikusanyia kodi bila kuondoka. Anayetaka taifa kwanza, hesabu yake ni nyingine.