Gunia la ngumi la turubai kutoka Kibuye
Kwa mazoezi ya ngumi na mateke nyumbani, gunia la turubai linaloshonwa na mafundi wa Kibuye, Kisumu, ni zuri sana, mradi ulijaze mwenyewe. Usitie mchanga: hushuka wote chini, pakawa pagumu kama jiwe, na kifundo cha mkono ndicho kinachoumia. Tumia nguo za mitumba zilizokatwa vipande, vifungo na zipu vikiwa vimetolewa, ukishindilia kila tabaka kwa mpini wa jembe. Kilo 30 hadi 35 zinamtosha mtu wa kilo 70. Likiyumba ovyo kila ukilipiga, ongeza.

Kagua vitanzi vya kamba kabla ya kulipa. Mshono wa mstari mmoja utafumuka; dai miwili, kwa uzi wa nailoni. Na tafadhali, usilifunge kwenye mbao za paa la mabati, misumari hulegea. Tawi nene la mwembe ni bora zaidi, tena lina kivuli.

Raundi 6 za dakika 3, pumziko dakika 1, zinatosha kukutoa jasho. Kwenye teke la mzunguko, geuza kisigino cha mguu uliosimamia. Usipogeuza, goti ndilo linalojipinda. Bendeji za mikono ni lazima, hata ukivaa glavu.