TAHADHARI: Lenzi, betri na memori kadi feki, boksi lisikudanganye

Kabla hujalipa, jua hili: boksi, stika ya hologramu na kitabu cha maelekezo ndivyo vitu rahisi kuliko vyote kughushi. Kuchapa boksi zuri kunawezekana popote penye mashine ya uchapaji, kusaga kioo cha lenzi ni kazi nyingine kabisa. Tapeli anaweka jasho lake kwenye kifungashio, ndani anatia chochote. Ukikagua boksi peke yake umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kifaa chenyewe ndicho kihojiwe, kwa mizani, kwa kuhesabu na kwa kukijaribu.

Tuanze na memori kadi, maana hasara yake inazidi mbali bei yake. Kadi feki mara nyingi ina chipu ndogo, tuseme ya GB 16, na programu yake ya ndani imechezewa ili iiambie kamera kwamba ni GB 128. Utaifomati bila shida, picha za mwanzo zitafunguka, utaridhika. Balaa linaanza chipu halisi inapojaa: kamera inaendelea kuandika kama kawaida, ila data mpya inapotea, au inaandikwa juu ya ya zamani. Ndiyo maana majina ya mafaili yote yanaonekana na ukubwa wake uko sawa, lakini ukifungua picha za nusu ya pili ya shughuli, hamna kitu.

Kwa hiyo kupiga picha kumi za majaribio hakuthibitishi lolote. Kadi ijazwe yote. Kwenye Windows tumia programu ya H2testw. Kwenye Mac au Linux tumia F3, yaani f3write kisha f3read. Zote ni za bure. Zinaandika mpaka kadi ijae, halafu zinasoma upya na kulinganisha. Kwa GB 128 tenga saa moja hadi mbili au zaidi, kutegemea kisoma kadi chako, na ufanye siku ile ile unayopokea mzigo. Kama kuna picha ndani, zihamishe kwanza.

Ila msimwonee muuzaji. Kadi halali ya GB 128 kwenye Windows huonekana kama GB 119 hivi. Ni tofauti ya namna ya kuhesabu tu, hajakuibia mtu. Vilevile kadi ya UHS-I (kiwango cha kasi ya kadi; UHS-II ni cha juu zaidi) iliyoandikwa 170 au 200 MB/s haitafika huko kwenye kisoma cha kawaida, kwa sababu njia ya UHS-I inaishia 104 MB/s na kasi ya juu ya hapo inataka kisoma maalumu. Lakini kadi inayoitwa UHS-II ikiwa na safu moja tu ya pini mgongoni, irudishe bila mjadala. UHS-II ina safu mbili.

Kwenye lenzi, hakuna haja ya tapeli kuunda lenzi nzima. Anachukua ya bei ya chini na kuibadilisha jina. Angalia lenzi ya 50mm f/1.8 (namba ya f ni ukubwa wa tundu la kupitisha mwanga; namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), ambayo kila anayeanza anaitafuta. Kampuni ya Yongnuo ina 50mm yake inayofanana sana na ile ya zamani ya Canon; ikiuzwa kwa jina lake haina kosa lolote, kosa ni kuibandika jina la mwingine. Hapa takwimu za mtengenezaji ndizo zinazokuokoa. Canon EF 50mm f/1.8 STM ina uzito wa gramu 160, inafungwa kwenye kamera kwa ringi ya chuma, inachukua filta (kioo kinachofungwa mbele ya lenzi) ya 49mm na inafokasi kuanzia sentimita 35. Iliyoitangulia, f/1.8 II, ni gramu 130, ringi ya plastiki, filta ya 52mm, na inaanzia sentimita 45. Mtu akikuletea "STM" inayokubali filta ya 52mm, mwache aondoke nayo.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji zana yoyote ya fundi. Piga picha ya taa ndogo usiku kwa f/16, kisha hesabu miale inayotoka kwenye taa. Tundu la lenzi linalofungwa na vipande vitano hutoa miale 10; lenye vipande saba hutoa 14. Hiyo f/1.8 II ina vitano, STM ina saba. Maandishi ya nje yanabadilishwa kwa dakika chache, idadi ya vipande vya ndani haibadilishwi hivyo.

Namba ya siriali kwenye lenzi ilingane na ya boksi na ya kadi ya waranti. Ukisoma picha kwa ExifTool, programu inayoonyesha taarifa zilizohifadhiwa ndani ya faili la picha, utaona jina la lenzi, na kwa lenzi nyingi mpya pia namba yake. Jina peke yake lisikutulize, kwani lenzi za kuiga hujitambulisha kwa kamera kana kwamba ndizo zenyewe.

Filta ni haraka. Elekeza kioo kwenye taa utazame mng'ao unaorudi: filta yenye utando halisi hurudisha mwanga hafifu wa kijani au zambarau, kioo kitupu hurudisha taa nyeupe kali. Polaraiza, yaani filta ya kupunguza mng'ao, igeuzie uso wake wa mbele kwenye skrini ya LCD ya kompyuta na uizungushe. Pasipokuwa giza, umeuziwa kioo cheusi tu.

Betri ndiyo inayoweza kuunguza kamera. Feki nyingi hazina sakiti ya kinga inayozuia kuchaji kupita kiasi, hivyo zinavimba, zinavuja, au zinashika moto. Tena angalia namba zilizotiwa chumvi: Sony NP-FZ100 ni mAh (kipimo cha chaji inayobebwa) 2280, Canon LP-E6N ni mAh 1865, LP-E6NH ni 2130. Ikiwa na nembo ya kampuni na imeandikwa 3000, aliyeiandika amejisaliti. Betri ya kampuni nyingine inayouzwa kwa jina lake ni habari tofauti. Iliyoanza kuvimba usiichaji tena. Ziba sehemu zake za chuma zinazogusana na kamera kwa selotepu na uipeleke kunakopokewa taka za elektroniki.

Wakati wa kununua mtandaoni, soma jina la anayeuza, siyo la tovuti tu, ulilinganishe na orodha ya mawakala kwenye tovuti ya mtengenezaji. Omba picha ya namba ya siriali ya kipande utakachotumiwa. Anayekuhimiza ulipe nje ya mfumo wa tovuti "ili upate punguzo" anakuondolea njia ya kudai. Mzigo ukifika, rekodi video bila kukata kuanzia lakiri ikiwa haijaguswa mpaka kifaa kikae mizanini, na ripoti ya H2testw ihifadhi kama ilivyo, neno kwa neno. Dai lako liende na vyote viwili.